Jinsi Ratiba ya Ligi ya Mpira Inavyopangwa

Maneno ya mazungumzo kwa viongozi wa vilabu na wapenda mpira

Msimu wa mpira unapokaribia, karatasi moja hubandikwa mlangoni mwa kilabu, na watu husongamana kuisoma. Huyu atafuta siku timu yake itakapokutana na mahasimu wake wa jadi. Yule ahesabu safari za mbali na nauli zake. Mwingine ataka kujua mchezo wa mwisho utakuwa nyumbani au ugenini. Karatasi hiyo ndiyo ratiba. Wengi hudhani kwamba ni kazi ya karani mmoja na kalamu yake kwa muda wa saa moja. Walakini ratiba ndiyo sheria ya kwanza ya ligi, nayo hutangulia hata firimbi ya mwamuzi. Ikipangwa kwa haki, timu iliyo bora mwaka mzima ndiyo itakayolichukua kombe. Ikipangwa ovyo, au ikipangwa vizuri kisha isifuatwe, bingwa aweza kupatikana kwa bahati, na timu maskini yaweza kufa kabla msimu haujakwisha.

Asili ya jambo hili

Ligi ya kwanza ya mpira duniani ilianza Uingereza mwaka wa 1888, na sababu ya kuanzishwa kwake ilikuwa ni kukosekana kwa ratiba. Kabla ya mwaka huo vilabu vilialikana kwa barua kucheza michezo ya kirafiki. Mara nyingi watu walikuja, wakalipa, wakangoja, na timu ngeni isitokee, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imepata mchezo wa kombe au mwaliko wenye faida zaidi. Wakati ule vilabu vilikuwa vimekwisha ruhusiwa kuwalipa wachezaji wao mishahara, na kilabu chenye mishahara ya kulipa hakiwezi kuishi kwa mapato yasiyojulikana.

Bwana William McGregor, Mskoti aliyekuwa na duka la nguo mjini Birmingham na aliyekuwa kiongozi wa kilabu cha Aston Villa, aliviandikia vilabu kadhaa barua tarehe 2 Machi 1888. Shauri lake lilikuwa jepesi: vilabu vikubwa vifanye mapatano ya kukutana kila mwaka, kila kimoja nyumbani na ugenini, kwa siku zilizowekwa mapema na zisizovunjwa. Vilabu 12 vilikubali, na michezo ya kwanza ilichezwa tarehe 8 Septemba mwaka huo. Hata hesabu ya pointi ilikuwa bado haijakatwa siku hiyo. Ilikubaliwa baadaye, mwezi wa Novemba, watu wakiwa tayari wamo mchezoni. Basi ratiba ilitangulia, na pointi zikafuata. Preston North End walikuwa mabingwa wa msimu huo bila ya kushindwa hata mara moja.

Katika Kenya ligi ya taifa ilianza mwaka wa 1963, na mabingwa wake wa kwanza walikuwa Nakuru All-Stars. Mwaka wa 1964 kombe likaenda kwa Luo Union, na mwaka wa 1965 likashuka pwani kwa Feisal wa Mombasa. Timu zilizotoka miji iliyo mbalimbali namna hiyo haziwezi kushindana kwa haki bila ya mtu kukaa kwanza na kalenda.

Hesabu yake

Hesabu ya ligi si ngumu. Kila timu hukutana na kila timu nyingine mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Kwa hiyo ligi ya timu 12, kama ile ya mwaka wa 1888, huwa na michezo 22 kwa kila timu, na michezo 132 kwa jumla. Ligi ya timu 18 huwa na majuma 34 na michezo 306. Ligi ya timu 20, kama Ligi Kuu ya Uingereza ilivyo tangu mwaka wa 1995, huwa na majuma 38 na michezo 380.

Ugumu ni katika kuipanga michezo hiyo hata kila timu icheze mara moja tu kila juma, na pasiwe na timu inayokosa mpinzani. Mtu akianza kuandika kwa kubahatisha, majuma ya kwanza humwendea vizuri. Akifika mwishoni huona kwamba timu zilizobaki zimekwisha kutana zote. Iko njia ya zamani isiyokosea, na kiongozi yeyote wa wilaya aweza kuitumia kwa vipande vya karatasi juu ya meza.

Tuseme ziko timu sita, nazo kwa mfano tu ziitwe kwa majina ya miji: Machakos, Nairobi, Nakuru, Mombasa, Eldoret na Kisumu. Karatasi sita zapangwa katika safu mbili zinazotazamana. Safu ya juu, kutoka kushoto: Machakos, Nairobi, Nakuru. Safu ya chini, kutoka kushoto: Mombasa, Eldoret, Kisumu. Kila timu hucheza na ile inayotazamana nayo, na hilo ni juma la kwanza. Kisha Machakos hubaki mahali pake, na nyingine tano husogea nafasi moja kwa kuzunguka: zilizo juu zaenda kushoto, zilizo chini zaenda kulia, na kila inayofika pembeni yapanda au kushuka. Nairobi, isiyoweza kuipita Machakos, yateremka chini kushoto. Hapo juma la pili limepatikana. Karatasi zikisogezwa mara nne, kila timu imekwisha kutana na nyingine zote tano, wala hakuna mchezo uliorudiwa.

Zikiwa timu ni tano, karatasi ya sita huandikwa neno Mapumziko, na timu inayotazamana nayo hupumzika juma hilo.

Baada ya kuamua ni nani awe nyumbani, ratiba hutokea hivi, na timu iliyotajwa kwanza ndiyo mwenyeji:

Juma la kwanza: Mombasa na Machakos, Nairobi na Eldoret, Kisumu na Nakuru.

Juma la pili: Machakos na Nairobi, Nakuru na Mombasa, Eldoret na Kisumu.

Juma la tatu: Nakuru na Machakos, Kisumu na Nairobi, Mombasa na Eldoret.

Juma la nne: Machakos na Kisumu, Eldoret na Nakuru, Nairobi na Mombasa.

Juma la tano: Eldoret na Machakos, Mombasa na Kisumu, Nakuru na Nairobi.

Haki isiyoweza kutimia

Kila kilabu hupenda kucheza juma moja nyumbani na juma la pili ugenini, kwa zamu, mpaka mwisho. Wachezaji hawachoki kwa safari, na fedha za mlangoni huingia kwa mpango. Katika ratiba iliyoandikwa hapa juu, Mombasa na Machakos zimeipata zamu hiyo kamili. Lakini Nairobi yasafiri majuma mawili mfululizo, kwenda Machakos na kisha Kisumu. Kisumu nayo yasafiri mfululizo katika majuma mawili ya mwisho. Nakuru na Eldoret, kwa upande wao, zakaa nyumbani majuma mawili mfululizo.

Bila shaka kiongozi wa Nairobi au Kisumu atalalamika kwamba amedhulumiwa, naye atataka karani abadilishwe. Lakini karani yeyote angefika pale pale. Zamu kamili ziko za namna mbili tu: ile inayoanzia nyumbani na ile inayoanzia ugenini. Timu mbili zikiwa na zamu ya namna moja, siku zote zitakuwa nyumbani pamoja na ugenini pamoja. Basi zitakutana lini? Haziwezi kukutana kamwe. Kwa hiyo katika kila mzunguko ni timu mbili tu zinazoweza kupewa zamu kamili, na nyingine zote hapana budi zivumilie kasoro. Ziwe timu sita au 20, hesabu ni hiyo hiyo.

Jambo hili lafaa kuelezwa waziwazi mbele ya vilabu vyote kabla ya msimu kuanza. Ugomvi mwingi wa ligi hutokana na mtu kuona kasoro yake asijue kwamba jirani yake anayo ya namna yake. Mpangaji hawezi kuiondoa kasoro. Awezalo ni kuigawa, ili isiiangukie timu ile ile mwaka baada ya mwaka.

Kuunganisha nusu mbili

Nusu ya pili ya msimu ni michezo ile ile, ila wenyeji hugeuzwa kuwa wageni. Hapa pana mtego. Mtu akiirudia ratiba ya juu kwa kugeuza tu, kuanzia juma la kwanza, Kisumu itasafiri Machakos, kisha Mombasa, kisha Nakuru, yaani majuma matatu bila ya kuonekana nyumbani, na Eldoret itakaa nyumbani majuma matatu. Dawa yake ni ndogo: nusu ya pili ianze kwa juma la pili lililogeuzwa, na lile la kwanza liwekwe mwisho kabisa. Hapo hakuna timu inayosafiri au kukaa nyumbani zaidi ya mara mbili mfululizo.

Kwa mpango huo Mombasa itamaliza msimu kwa safari mbili, ya kwanza Kisumu na ya pili Machakos. Huenda hilo likaonekana kuwa ni dhuluma. Lakini Kisumu iko mbali sana na bahari, na Machakos iko upande wa njia ya kurudia pwani. Siku za michezo hiyo miwili zikikaribiana, timu yaweza kuifanya kuwa safari moja badala ya mbili. Kwa hiyo mpangaji mwema hatazami kalenda peke yake. Hutazama na ramani, na mfuko wa kilabu.

Vizuizi vya nje

Hesabu ikiisha, mambo ya dunia huanza. La kwanza ni vilabu vya mji mmoja. Everton na Liverpool ni vya mji mmoja, na viwanja vyao havikai mbali. Ratiba hujitahidi vyote viwili visicheze nyumbani siku moja, maana polisi, barabara na magari ya abiria ni yale yale. Mjini Milano vilabu viwili vikubwa vimetumia kiwanja kimoja kwa miaka mingi. Nairobi kadhalika: Gor Mahia na A.F.C. Leopards wote ni wa mji huo, na viwanja vikubwa ni vichache. Kwa hiyo vilabu vya namna hiyo hufungwa pamoja kama ng'ombe wa jembe: mmoja akiwa nyumbani, mwenziwe huwa ugenini. Mpangaji akimgusa mmoja amewagusa wote wawili, na wapinzani wao pia.

La pili ni hali ya hewa. Katika Kenya mvua za masika, tangu Machi hata Mei, hugeuza viwanja vingi kuwa matope. Katika Uingereza adui ni baridi. Majira ya baridi ya mwaka wa 1963 barafu iliviganda viwanja hata raundi moja ya Kombe la F.A. ikachukua siku 66, na mchezo wa Lincoln City na Coventry City uliahirishwa mara 15. Funzo lake ni kwamba ratiba isijazwe pomoni. Hapana budi ziachwe siku tupu, kama mkulima anavyoweka akiba ya mbegu.

La tatu ni mashindano ya kombe na michezo ya taifa, ambayo huwachukua wachezaji walio hodari. Timu inayoshinda sana ndiyo inayochoka sana. Tarehe 6 Mei 1972, siku ya Jumamosi, Leeds United waliwashinda Arsenal katika fainali ya Kombe la F.A. Jumatatu iliyofuata, tarehe 8, walitakiwa kucheza mchezo wao wa mwisho wa ligi huko Wolverhampton, na sare tu ingewatosha kuwa mabingwa. Miguu yao ilikuwa imechoka. Walifungwa mabao mawili kwa moja. Derby County, waliokuwa wamekwisha maliza michezo yao na kupumzika, wakatwaa ubingwa kwa pointi moja. Hakuna mtu aliyevunja sheria siku hiyo, lakini siku moja katikati ya michezo miwili mikubwa ilikuwa kidogo mno.

Kwa muda mrefu kazi ya kuvipima vizuizi hivi vyote ilifanywa na mtu mmoja mmoja. Bwana Charles Sutcliffe, wakili wa Lancashire, aliipanga ratiba ya Ligi ya Uingereza kwa miaka mingi kabla ya vita vya pili, na baada yake mwanawe akaishika kazi hiyo. Siku hizi mashine za kompyuta hujaribu mipango mingi kwa muda mfupi. Hata hivyo mashine haijui kwamba siku fulani mji una sherehe, au kwamba daraja limechukuliwa na mafuriko. Mwisho wa kazi, watu hukaa mezani na kuipitia ratiba juma kwa juma.

Juma la mwisho

Sehemu ya ratiba inayohitaji uangalifu kuliko zote ni mwisho wake. Katika Kombe la Dunia la mwaka wa 1982, huko Hispania, Algeria waliishangaza dunia kwa kuwafunga Wajerumani wa Magharibi mabao mawili kwa moja. Walimaliza michezo yao ya kundi tarehe 24 Juni kwa kuwashinda Chile. Ujerumani ya Magharibi na Austria walicheza siku iliyofuata, mjini Gijón, huku wakijua kwamba Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, mataifa yote mawili yatasonga mbele na Algeria itarudi kwao. Wajerumani walipata bao katika dakika ya kumi. Tangu hapo mpira ulisukumwa huku na huko bila ya nia ya kufunga, na watazamaji wakazomea mpaka mwisho. Algeria wakatoka.

Tangu Kombe la Dunia la mwaka wa 1986, michezo ya mwisho ya kila kundi huanza saa moja. Ligi nyingi zimeishika desturi hiyo katika juma la mwisho, na chama cha wilaya kisicho na fedha chaweza kuifuata pia, maana haigharimu ila kukubaliana saa. Mchezaji asijue matokeo ya wenzake, naye atacheza mpira wake.

Ahadi ni deni

Ratiba iliyopangwa vizuri bado ni karatasi tu mpaka itakapotangazwa na kushikwa. Mwaka wa 1936 wakubwa wa Ligi ya Uingereza walitaka kuyakomesha makampuni ya kamari yaliyokuwa yakitumia orodha ya michezo kuendesha biashara yao. Mwishoni mwa Februari waliifuta ratiba iliyotangazwa, wakaficha mpango mpya mpaka karibu na siku ya mchezo, ili makampuni yasipate nafasi ya kuchapa karatasi zao. Lakini waliodhurika kwanza ni vilabu vyenyewe. Watazamaji walipungua, kwa kuwa mtu hawezi kujiandaa kwenda kwenye mchezo asioujua, na viongozi wa vilabu wakalalamika kwa sauti kubwa. Baada ya majuma mawili tu, shauri hilo likaachwa.

Tangu McGregor alipoandika barua yake, haja ni ile ile: mtu ajue kwamba Jumamosi fulani, saa fulani, timu mbili zitakuwako. Kwa ajili hiyo mchuuzi wa maji na machungwa hununua bidhaa zake, mwenye gari hutengeneza gurudumu lake, mchezaji huomba ruhusa kazini, na mtazamaji hujiwekea kiingilio. Mchezo ukiahirishwa jioni ya siku iliyotangulia, wote hao wamepata hasara, wala hakuna anayewarudishia. Timu iliyosafiri usiku kucha na kukuta kiwanja kimefungwa ndiyo yenye hasara kubwa kuliko wote, na mara nyingi ndiyo timu iliyo maskini.

Kwa hiyo chama kinachotaka ligi yake idumu chapaswa kushika mambo machache. Kura ya nafasi za karatasi ipigwe hadharani, mbele ya vilabu vyote. Siku za akiba zitajwe tangu mwanzo. Sababu za kuahirisha mchezo ziandikwe, nazo ziwe chache: mvua, msiba mkubwa, au amri ya serikali, kuumia kwa mchezaji mashuhuri kusiwe sababu. Mchezo ulioahirishwa upewe tarehe mpya siku ile ile, maana viporo vikirundikana timu moja yaweza kuwa imecheza michezo 20 na nyingine 15, na hapo hakuna awezaye kusoma msimamo wa ligi akajua nani anaongoza. Na aliyepewa kasoro mwaka huu apewe nafuu mwaka ujao, na jambo hilo liandikwe kitabuni, lisiachwe katika kumbukumbu za watu.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Ratiba ni ahadi ambayo vilabu vyote vimepeana na kuwapa watu wao. Mwamuzi aweza kukosea katika dakika moja, na kosa lake likaharibu mchezo mmoja. Ratiba isiyoshikwa huharibu msimu mzima. Basi karatasi ile iliyobandikwa mlangoni mwa kilabu itunzwe kama mapatano, na mwisho wa mwaka atakayelinyanyua kombe atalinyanyua mbele ya wapinzani wasio na la kunung'unikia.